Nilivyokokotoa umbali wa anga, Nairobi hadi New York, kwa kikokotoo cha shuleni

Usianze na rula juu ya ramani ya ukutani. Mstari wake utapita Kongo, Nigeria na Mauritania, na ndege ikishika dira moja mwanzo hadi mwisho kwa njia ya namna hiyo itasafiri kama kilomita 12,190. Njia fupi hufuata duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Nilichukua tufe la kipenyo cha sentimita 30, nikakaza uzi kati ya miji hiyo miwili: ukapita Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo ukaingia Atlantiki. Urefu wake ni kama sentimita 28. Uzi huo ndio unaonipa picha. Namba kamili naitafuta kwa kikokotoo.

Natumia majira (latitudo na longitudo) ya viwanja vya ndege vyenyewe, si ya katikati ya mji. JKIA, uwanja wa Nairobi, ni latitudo −1.32, longitudo 36.93. JFK, wa New York, ni 40.64 na −73.78. Kusini na magharibi ni hasi, na hapo ndipo wengi huanguka. Tofauti ya longitudo: 36.93 − (−73.78) = 110.71.

Kisha nakokotoa sehemu mbili na kuzijumlisha, nipate kosaini ya pembe kati ya viwanja hivyo ikipimwa katikati ya dunia:
sin(−1.32) × sin(40.64) = −0.0150
cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = −0.2683

Jumla ni −0.2833. Bonyeza SHIFT na cos, upate digrii 106.46. Digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111.2 (nusu kipenyo cha dunia nimekichukua kuwa kilomita 6,371), kwa hiyo jibu ni kilomita 11,838. Ukitaka maili za baharini gawa kwa 1.852: 6,392.

Ukisahau hasi ya JKIA utapata 11,639, kosa baya kwa sababu linafanana na ukweli. Ukisahau ya JFK utapata 5,971; hapo umeitua ndege Kyrgyzstan, na angalau utashtuka. Jibu likiwa kichekesho kabisa, tazama juu ya kioo: lazima kuwe na herufi ndogo D, yaani digrii. Ikiwa R, kikokotoo kinasoma radiani, kipimo kingine cha pembe.

Desimali mbili zinatosha. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo hesabu ya tufe inaweza kupotoka hadi karibu nusu asilimia. Kung'ang'ania mita ni kujisumbua.

Saa za safari ni hesabu nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13 na dakika chache, lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kuna kupaa, kutua na kuzungukia njia zilizopangwa. Juu ya Atlantiki kaskazini pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi: ukienda zinakukabili, ukirudi zinakusukuma.