Theluji inahesabiwa kama mkaa wa debe

Tangu Novemba, kila alfajiri kabla ya kuinjika birika la chai, mimi huvaa mabuti, nikachukua rula na kwenda nyuma ya nyumba, mahali nilipolaza ubao mweupe wa kupimia theluji, wa futi mbili kwa mbili. Kando yake nimesimika kijiti chenye kitambaa chekundu, kwa sababu mwaka wa kwanza nilipuuza jambo hilo, theluji ikaufukia ubao, nami nikachimbachimba ua mzima kwa koleo kama mtu anayetafuta mihogo. Weupe wa ubao si urembo: ubao mweusi hunywa joto la jua na kuyeyusha theluji kabla mpimaji hajafika.

Ninaishi Syracuse, katika jimbo la New York, mji ambao kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020 hupata karibu inchi 128 za theluji kwa msimu, yaani zaidi ya mita tatu. Msimu wa 1992–93 ulifikisha inchi 192.1, na rekodi hiyo ingali imesimama. Ndugu zangu wa Tanga wakisikia takwimu hizi hudhani kwamba tunatokea madirishani. Sivyo. Jumla ya msimu ni hesabu ya kila theluji mpya iliyoanguka kuanzia Julai 1 hadi Juni 30 ya mwaka unaofuata, wakati kina cha theluji iliyolala chini ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa theluji hiyo huyeyuka, hupeperushwa, na zaidi ya yote hujishindilia yenyewe.

Majira haya ya baridi, ambayo yametulemea kuliko yaliyopita, Mama aliniuliza kwa simu: "Mwanangu, hiyo theluji inapimwa kama kitambaa au kama unga?" Nilimjibu kwamba inapimwa kama mkaa wa debe. Muuzaji hujaza debe kwa mkono mwepesi likaonekana limefurika. Mnunuzi akilitikisa mara mbili, mkaa unashuka vidole vitatu. Theluji nayo inapoanguka huwa imeshika hewa nyingi, na kadiri inavyorundikana ndivyo ya juu inavyoibana ya chini. Kwa hiyo anayepima na kufagia ubao kila saa atapata jumla kubwa kuliko anayesubiri, ijapokuwa theluji ni ile ile.

Nililijua hilo kwa aibu. Jioni moja ya msimu wangu wa kwanza, theluji ikimwagika kwa fujo, nilitoka kila saa, nikapima, nikafagia ubao, nikajumlisha, na usiku nikawatangazia wenzangu kwamba kwetu zimeanguka inchi 11. Asubuhi nilichomeka rula upande wa pili wa ua, mahali ambapo hapakuguswa, nikakuta inchi 8. Nilizikata zile 11 kwa kalamu nyekundu na mkato huo bado upo daftarini.

Kanuni ya Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa ya Marekani ni kwamba ubao usifagiliwe zaidi ya mara moja katika saa sita, yaani mara nne kwa siku, na kipimo kiandikwe hadi sehemu ya kumi ya inchi. Kanuni hiyo ilikwisha kuangusha rekodi. Mnamo Januari 11 na 12, 1997, huko Montague, kwenye uwanda wa juu wa Tug Hill kaskazini ya hapa, mpimaji aliripoti inchi 77 katika saa 24. Kamati iliyochunguza ilikuta kwamba alipima mara sita badala ya nne, ikakataa kuziandika kuwa rekodi ya taifa, na nafasi hiyo ikabaki kwa Silver Lake, Colorado, yenye inchi 75.8 za Aprili 1921. Hakuna aliyedai kwamba mpimaji wa Montague alidanganya. Namwonea huruma, lakini naona kamati ilikuwa na haki: jumla mbili haziwezi kushindanishwa ikiwa madebe hayakutikiswa sawasawa.

Na mashindano yapo kweli. Syracuse, Rochester, Buffalo, Binghamton na Albany hugombea tuzo iitwayo Golden Snowball, ya mji uliopata theluji nyingi zaidi kwa msimu, nasi ndio tunaoitwaa mara nyingi zaidi. Sababu ni ziwa. Hewa ya baridi kutoka Kanada ikipita juu ya maji ya Ziwa Ontario, ambayo huwa na joto kuliko hewa hiyo, hubeba mvuke na kuja kuumwaga huku kwa mikanda myembamba, kiasi kwamba mtaa mmoja unafunikwa na wa pili unaota jua. Ontario ni ziwa la kina kirefu na ni nadra kuganda lote, kwa hiyo mashine hii huendelea hadi Machi. Ziwa Erie, linaloilisha Buffalo, ni la kina kifupi. Likishaganda, theluji ya ziwa hupungua sana.

Hata hivyo, kuganda huko si amani. Msimu wa 1976–77 Erie liliganda mapema, Desemba, theluji ikajilimbikiza juu ya barafu, na Januari 28 upepo ukaizoa yote na kuisukumia mjini. Theluji mpya ya dhoruba ile ilikuwa takriban inchi 12 tu, lakini marundo yalifikia mapaa ya nyumba. Rula yangu isingeweza kusimulia msiba huo.

Daftari langu la msimu huu lilianza kwa asubuhi tano zenye herufi T, alama ya theluji iliyoonekana lakini haikufika sehemu ya kumi ya inchi. T tano zikijumlishwa hutoa T moja. Nilipomsomea Mama ukurasa huo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama siku zote tano nilitoka na baridi ile bure. Nikamwambia zimeandikwa.