Nilivyomfuata kipozamataza wa Engikaret

Mwezi wa nane nilishuka kwenye noah pale Engikaret, barabara ya Arusha kwenda Namanga, jua ndo linachomoza, na kilichonipokea ni upepo na lile vumbi laini kama unga linaloingia mpaka kwenye meno. Nyuma yangu Meru, kulia Kilimanjaro, mbele mlima Longido. Upande huu mvua haifiki vizuri, inaishia kwa wenzetu wa Tengeru na Usa River, huku unabaki uwanda mpana wa nyasi fupi, vichaka vya migunga hapa na pale, basi.

Nilikuja kwa ajili ya ndege mmoja tu. Wazungu wanamwita Beesley, ni kipozamataza mdogo ambaye dunia nzima anapatikana Tanzania peke yake, na hapa Tanzania kwenyewe ni haya maeneo ya kaskazini mwa Arusha, hana kwao kwingine! Nimepita hii barabara sijui mara ngapi nikienda Nairobi nikiwa nimelala kwenye siti, kumbe yupo hapo nje ya dirisha.

Kijana wa Kimaasai aliyenipokea tukasalimiana, sopa, ipa, akaniambia, "Kaka twende taratibu, hawa hawarukiruki, wanatembea kwa miguu, ukiharakisha unawapita." Tukazunguka kama saa nzima. Vipozamataza wengine wapo wengi tu, kuna yule mwenye utosi mwekundu, kila nikinyanyua darubini dogo anatikisa kichwa, siyo yeye.

Mara akanishika mkono. Hatua kama ishirini hivi mbele yetu walikuwepo watatu, wamesimama wima kabisa, miguu mirefu, mkia mfupi mpaka unadhani umekatwa, na nchani una weupe. Mgongo rangi ya udongo wa pale pale, yaani akitulia humwoni, koo jeupe, tumbo kama chai ya maziwa. Mmoja akapanda kwenye kibonge cha udongo nikauona ule ukucha wa nyuma, mrefu, umenyooka kama mwiba, nikasahau hata kupiga picha. Akashuka, akachokonoa kwenye shina la nyasi kwa ule mdomo wake mrefu uliopinda kidogo, akatoa kidudu cheupe akakigongagonga chini kisha akameza, akaendelea na safari. Muda wote huo wanaitana kwa sauti ndogo ndogo wasipotezane.

Kinachonisumbua kichwa mpaka leo ni ndugu zake. Wale wanaofanana naye wapo Namibia, Botswana, Afrika Kusini, huko Kalahari, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na katikati hakuna hata mmoja. Zamani sana hali ya hewa ilipokuwa kavu zaidi kulikuwa na ukanda mkavu ulioungana kutoka kusini mpaka huku kwetu, baadaye mvua zikarudi, miti ikajaa katikati, wa huku wakabaki peke yao. Na mtaalamu wa ndege anayeitwa Benson alikuja kumwandika kisayansi mwaka 1966 tu, juzi juzi hapo!

Nikamuuliza dogo kama bado wapo wengi. Akanionyesha kwa fimbo shamba lililolimwa upande wa pili, akasema pale alikuwa anawaona akiwa mtoto anachunga mbuzi, sasa hivi hawapo. Iliniuma sana aisee, kwa sababu huyu hakai kwenye nyasi ndefu wala kwenye mahindi, na kiota chenyewe anatengeneza chini, pembeni ya kishungi cha nyasi. Uwanda ukilimwa wote anahamia wapi?

Tukiwa bado tumechuchumaa likapita kundi la ng'ombe, kengele zinalia, vumbi limetanda, nikajua ndo basi wameshaondoka. Vumbi lilipotulia walikuwepo wote watatu, wamesogea pembeni kidogo tu, sasa wanaokota wadudu kwenye nyayo za ng'ombe.