Daftari la lawama

Duka langu la steshenari lipo Msewe, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na riziki yangu ni wanafunzi: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kubaindi. Nina kompyuta tatu. Zote nilizinunua zikiwa zimetumika, na zote fundi alinipakia Windows 10 na Office za kuchakachua kwa bei ya chipsi kuku. Sijisifu, ila mwenye steshenari asiye na dhambi hiyo na arushe jiwe.

Kilichonibadilisha si dhamira. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka mashine yenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo zangu hazina. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta. Alipita dukani jioni moja, shikamoo mjomba, marahaba, na kabla hata hajakaa akasema, "Hizi usiziuze. Tuzipakie Linux." Yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ukae mahali pa Windows.

Dada anayenichapia kazi akanyanyua kichwa. "Ile ya bure? Bosi, kitu kikigawiwa bure ujue kuna sababu."

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na yalichukua karibu wiki nzima. Kijana alieleza kwamba Linux ni programu huria, na programu huria si lazima iwe ya bure. Kwamba Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotangaza mwaka 1983 GNU, mradi wa kutengeneza programu huria, alichotaka ni mtumiaji awe na ruhusa ya kuitumia programu apendavyo, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Wenye Kiingereza chao wana neno moja, "free", kwa mambo yote mawili, ndiyo maana hadi leo wanaelezana. Sisi tuna "bure" na "huria", hatuna sababu ya kuchanganya. Mfano upo mezani kwangu kila siku: wanafunzi wengi wanachapa kwenye simu kwa WPS Office, ambayo hawailipii hata senti, lakini huria siyo.

Dada alisikiliza yote. "Sawa. Mteja akileta risechi yake, itafunguka kama ilivyo au haitafunguka?"

Sikuwa na jibu, na mpwa wangu naye alijibu kwa maneno mengi mno. Nikaamua hivi: kompyuta mbili zipakiwe Linux Mint, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice, programu huria zinazofanya kazi za Office. Ya tatu niliiuza, nikaongeza hela nikachukua inayokubali Windows 11, na safari hii nikalipia leseni ya Windows na ya Office. Iliuma. Halafu nikafunga daftari kwa kamba pembeni ya printa: kila kasoro iandikwe, upande wa kushoto za programu huria, upande wa kulia za kulipia. Mwezi mmoja, kisha tuhesabu.

Upande wa kushoto ulijaa haraka, tena kwa mwandiko wa mtu mmoja. Vidole vya dada vimezoea Word. Akibonyeza Ctrl na D ili afungue dirisha la fonti, LibreOffice inamchorea mistari miwili chini ya maneno. Vitufe vya juu hakuvitambua. Haya mpwa wangu aliyamaliza siku moja: kumbe LibreOffice ina mpangilio wa vichupo unaofanana na ule wa Word, na njia za mkato za kibodi unaweza kuzipanga upya. Akaweka pia kila faili ihifadhiwe kwa muundo wa docx, yaani ule wa Word, bila kuulizwa. Swali langu kwake lilikuwa kwa nini isije hivyo tangu mwanzo. Watu wa programu huria wanapenda sana kukwambia "unaweza kubadilisha", utadhani mwenye foleni ya watu kumi mlangoni ana muda huo.

Kasoro iliyotuumiza kweli ilikuwa ya tasnifu. Mwanafunzi alileta flashi, tukafungua kwenye Mint, tukaprinti nakala tatu na kubaindi. Kesho yake karudi na uso wa mvua: orodha ya yaliyomo inasema sura ya nne iko ukurasa fulani, ukifungua iko mbele zaidi. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu, na dada hakusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Chanzo kilikuwa fonti. Hati iliandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na kwenye mashine zetu za Linux haikuwepo. LibreOffice ikachukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari ikarefuka, kurasa zikasogea. Dawa yake ipo na ni ya bure: Carlito imetengenezwa ili kila herufi ichukue upana uleule wa Calibri, Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation Serif kwa Times New Roman. Tuliziweka, tukafungua faili lile lile, kurasa zikakaa mahali pake. Hata hivyo, sasa anayetaka kuprinti tu namwomba PDF.

Namba za kurasa zilileta ugomvi mwingine. Tasnifu inataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi, halafu sura ya kwanza ianze na 1. Word inakutaka uikate hati vipande. LibreOffice inakutaka uupe kila ukurasa mtindo wake. Dada alilaani siku kadhaa, kisha akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba kazi anayoianza mwenyewe huenda vizuri zaidi kwa mitindo. Kazi ya mtu mwingine iliyokwisha kukatwa katwa kwenye Word haigusi huko, anahamia Windows. Naona ana haki. Na mhasibu wa kikoba alipoleta faili la Excel lenye makro, yale maagizo yanayojiendesha ndani ya faili, hatukubishana hata kidogo: Calc, yaani Excel ya LibreOffice, ilikataa, Excel ikafanya.

Upande wa kulia ulikuwa na maandishi machache, ila mazito. Mengi yalikuwa virusi vya flashi, vile vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati tupu. Mteja anatokwa jasho akidhani kazi yake imefutika. Kwenye Mint mafolda yale yanaonekana kama kawaida, kwa hiyo sasa flashi yoyote inaanzia huko, hata kama kazi yenyewe itafanyiwa Windows. Wateja wengine wanadhani nina dawa ya kienyeji.

Mwezi ulipoisha hatukuhesabu. Jioni ile ile mpwa wangu alikuja na habari ambayo Microsoft ilishaitangaza: Publisher, programu yake ya kupangia kadi na vipeperushi, inasitishwa Oktoba 2026. Kwa steshenari za Dar hiyo ni habari nzito, maana kadi za michango na za harusi nyingi zimetengenezwa humo. Nina folda ya miaka na miaka, na wateja hurudi: "Nitolee kama ile ya dada yangu, badilisha majina." LibreOffice Draw, ile ya kuchorea, inafungua mafaili hayo ya pub, ingawa maua ya pembeni huhama na maandishi ya mapambo hugeuka ya kawaida.

Kwa hiyo siku hizi tukishafunga mlango tunazifungua kadi moja moja. Inayofaa kubaki ilivyo inakuwa PDF, inayoombwa mara kwa mara inapangwa upya kwenye Draw. Tumefika za 2019. Daftari bado linaning'inia, na juzi nimekuta mstari mpya kwa mwandiko wa dada, upande wa kulia: "Publisher. Imekula kwetu."