Chungwa la Kupimia Kijito

Agosti ya 1984 Nairobi ilikuwa na baridi yake ya kawaida, mawingu yamelala juu ya miti tangu alfajiri hadi adhuhuri, lakini hayakutoa kitu. Mvua ndefu tulizozoea kuanzia Machi zilikuwa zimetupita. Mahindi yetu yalikauka yakiwa yanafika magotini, ng'ombe wakapewa mabua. Dukani tulipimiwa kwa gorogoro yale mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka Marekani, na mama aliyachemsha muda mrefu kuliko githeri yoyote niliyowahi kuingoja. Nilikuwa na miaka kumi. Njaa niliijua, lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa kijito chetu.

Kilipita chini ya shamba, huko Dagoretti, ukingo wa magharibi wa jiji. Siku hizo kule kulikuwa na ng'ombe, nyasi za nepia, vibanda vya kuku na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu. Sehemu ile ya Nairobi imekunjamana kama kanga uliyoisukuma kwa kiganja: mgongo, bonde, mgongo, bonde, na kila bonde lina maji yake. Ardhi yote imeinamia mashariki. Juu kule Kikuyu na Limuru unapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mji ni kama 1,660, na nyika za Athi ziko chini zaidi. Ndiyo maana vijito vyetu vyote vinatazama upande mmoja, kama watu waliotoka kanisa moja.

Chetu kilianzia kwenye dimbwi lenye matete, mwendo wa robo saa juu ya nyumba yetu, mahali ambapo ukikanyaga nyasi unahisi ardhi inatetemeka chini ya mguu. Kutoka hapo kilishuka kikiwa chembamba, mtoto anaweza kukiruka akijipa mwendo kidogo. Kingo zake zilikuwa za udongo mwekundu uliochimbwachimbwa na kaa. Ukigeuza jiwe polepole, unamkuta kaa mwenyewe, wa rangi ya chai ya rangi, ameinua gando moja. Palikuwa na nduma pande zote mbili, majani mapana yanayoshikilia tone la maji bila kulowa. Palikuwa na mkuyu mmoja mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata, na juu ya tawi lake la chini alikaa mdiria, ndege yule wa buluu, akitazama maji kwa subira ambayo mama alitutakia sisi watoto. Usiku vyura walilia mpaka ukawasahau.

Baba ndiye aliyenifundisha kijito kinaenda wapi. Tulikuwa tunaosha miguu kivukoni siku moja akaniambia: kinaingia Motoine, Motoine unapita msitu wa Ngong, unafika kwenye bwawa la Nairobi lililojengwa 1953 pale kando ya Kibera, ukitoka hapo unaitwa mto Ngong, unakutana na mto Nairobi, wote wanaingia Athi, na Athi ukifika mbali hubadilisha jina ukawa Galana, kisha Sabaki, kisha baharini karibu na Malindi. Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Tangu siku hiyo sikutema mate kijitoni tena.

Sasa Agosti ile kijito kilikuwa kinakatika. Kwetu, kivukoni, mawe ambayo siku zote yalikuwa yamefunikwa yalitoa migongo. Vyura walinyamaza. Hatua mia mbili hivi chini yetu alikaa bibi mmoja mjane tuliyemwita Shosho sisi sote, hata wasio wa ukoo wake, na nduma zake ndizo zilizokuwa zinalisha wajukuu wanne. Majani yalikuwa yamelala chini. Shosho alikuwa na jibu lake tayari. Juu yetu kulikuwa na mzee aliyechimba mtaro kutoka kijitoni mpaka kwenye sukuma wiki zake, na sukuma zile zilikuwa za kijani peke yake katika bonde zima. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

"Ameumeza mto," Shosho alisema kwetu, ameshika kikombe cha chai bila kunywa. "Mtu mmoja ameumeza mto wa watu."

Ijumaa jioni vijana wawili wa bonde walipita wakisema usiku wa kesho wataenda na mapanga na majembe kuubomoa mtaro, na mwenye mtaro akitoka watamalizana naye. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Kazi yake wakati huo ilikuwa kusoma vipimo vya maji mitoni, zile mbao zilizochorwa sentimita zinazosimamishwa majini, na kuandika kwenye daftari. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaomba kitu kimoja: wamngojee mpaka kesho mchana.

Asubuhi aliingia jikoni akachukua chungwa. Lilikuwa moja tu nyumbani, mama alilinunua sokoni kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa na kikohozi. Mama akamtazama. Baba akasema, "Nitalirudisha, Mama watoto. Zima." Akaniambia nichukue debe, yeye akachukua futi ya mkanda na saa yake ya mkononi, tukashuka.

Njiani nilimuuliza kwa nini chungwa na si kipande cha kijiti. Akasimama kunieleza, na huo ulikuwa ukarimu wake mkubwa, kwamba alisimama. Kijiti kinaelea juu, upepo unakisukuma, utapima upepo badala ya maji. Chungwa lenye ganda linaelea likiwa limezama karibu lote, linakwenda kwa mwendo wa maji yenyewe. "Ukilimenya," akasema, "linazama." Nikalishika kwa mikono miwili.

Tulianza juu ya mtaro wa mzee. Alikuwepo, amesimama kwenye sukuma zake na fimbo, uso umejikaza, maana habari za mapanga zilikuwa zimemfikia. Baba akamsalimu, "Shikamoo, Mzee," akamwambia kazi aliyokuja kuifanya. Mzee hakujibu kwa muda. Kisha akasema, "Pima. Lakini pima kote."

Baba alitafuta mahali penye mkondo ulionyooka, akapima mita kumi ukingoni, akaweka jiwe kila mwisho. Nilisimama juu na chungwa, yeye chini na saa. Nililiachilia. Lilikwenda likijigeuza taratibu, likagusa ukingo, likaachia, sekunde arobaini. Tulirudia mara tatu. Akapima upana, sentimita 60, na kina kwa kuzamisha futi mahali kadhaa, wastani sentimita 10. Akanifundisha hesabu palepale, amechuchumaa: upana mara kina mara mwendo. Halafu punguza sehemu moja kati ya tano, kwa sababu maji ya juu hukimbia lakini yale ya chini huvutwa na mawe na matope. Nilizidisha mchangani kwa kidole. Lita 12 kila sekunde.

Kisha mtaro. Baba akaukingia debe kwenye mdomo wake, pale maji yalipoanguka kuingia shambani, na mimi nikahesabu kwa saa. Debe la lita 20 lilijaa kwa sekunde ishirini. Lita moja kila sekunde. Mzee aliuliza ni ngapi, nikamwambia. Hakusema lolote, ila aliketi kwenye jiwe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuketi siku hiyo.

Tukateremka kivukoni kwetu. Upana sentimita 50, kina sentimita 6, chungwa likachukua sekunde hamsini. Lita 5, na hata hazijatimia.

Nilizidisha tena nikidhani nimekosea. Kumi na mbili, toa moja, zibaki kumi na moja. Zilizokuwa mbele yetu zilikuwa tano. Kati ya mtaro na kivuko hapakuwa na mtaro mwingine, wala pampu, wala mtu. Lita sita kila sekunde zilikuwa zimekwenda mahali. Nilimtazama baba, na baba alikuwa anatabasamu, jambo ambalo mwaka ule halikuwa la kila siku.

"Rudi polepole," akasema. "Tembea ndani ya maji, si kando."

Tulipandisha tena tukiwa ndani ya kijito, maji ya baridi ya Agosti yanauma vifundo. Baba alikuwa anatazama mawe. Juu ya kivuko chetu kijito kiliacha udongo mwekundu kikapita juu ya mwamba mtupu wa kijivu, kipande kama cha hatua thelathini, tuliochezea siku zote bila kuutazama. Mwamba ulikuwa na nyufa. Nyingine zingeweza kuingiza kidole changu. Baba aliniambia kwamba chini ya udongo wetu kuna lava ya zamani na majivu ya volkano yaliyoganda yakawa jiwe, yale yale mawe yanayochongwa kujengea nyumba za Nairobi, tabaka juu ya tabaka, na lava ilipopoa ilipasuka. Mwaka wa mvua hata nyufa zimejaa, kijito kinapita juu bila kupoteza kitu unachoweza kukiona. Mwaka kama ule, nyufa zilikuwa na kiu kuliko sisi.

"Laza sikio," akasema.

Nililala kifudifudi juu ya mwamba, pembeni, mahali palipokauka. Mwanzoni nilisikia moyo wangu tu. Halafu, chini yake, nikasikia maji. Hayakuwa yale yaliyokuwa yanapita kando ya kichwa changu, yale niliyajua, yalikuwa na sauti nyembamba. Haya yalikuwa na sauti nzito, ya mbali, kama mtu anayemimina mtungi ndani ya mtungi mwingine katika chumba cha pili. Nilibaki hapo mpaka shavu likafa ganzi.

Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimesomea mambo ya ardhi na kulipwa kwa ajili ya elimu hiyo, na bado nikiulizwa nilianzia wapi, ni shavu langu juu ya mwamba ule.

Swali lililobaki lilikuwa kama maji yale yanatoka tena, na wapi. Tukapita kivuko, tukapita kwa Shosho, ambaye alitufuata akiwa na lesso mabegani na hasira bado usoni, na wale vijana wawili nyuma yake. Chini ya shamba lake bonde linabana, kingo zinakuwa mwinuko mkali, na hakuna aliyelima pale kwa sababu ya miiba. Baba alikata njia. Kwenye mguu wa mwamba, mahali jiwe la kijivu lilipokaa juu ya tabaka la udongo mgumu, maji yalikuwa yanatoka kwa mstari, si kwa tundu moja, bali kwa urefu wa kama mikono mitano, yakidondoka juu ya ndago na majani ya jimbi. Yalikuwa safi kuliko ya juu.

Hatua chache chini yake tulipima kijito tena. Nililiachilia chungwa mwenyewe, na safari hii wote walikuwa wanalitazama, Shosho, vijana, na yule mzee wa juu aliyekuwa ameteremka bila kuitwa. Sentimita 70, sentimita 8, sekunde arobaini na tano. Lita 10.

"Imebaki moja," nikasema.

"Chungwa si mashine," baba akajibu. "Moja tulisamehe."

Alimweleza Shosho kwa Kiswahili chepesi, kisha kwa Kikuyu, akionyesha kwa mkono: hapa kumi na mbili, hapa mzee anachukua moja, hapa mwamba unachukua sita, hapa unazirudisha. Shamba lako, Shosho, liko juu ya mwamba. Maji yanapita chini ya nduma zako. Shosho alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Aligeuka kumtazama mzee wa juu, na mzee akatazama chini. Nilidhani atamwomba radhi. Alisema tu, "Moja ni moja."

"Kweli, Mama," mzee akajibu. "Nitaufungua siku moja, nitaufunga siku mbili, mpaka mvua."

Kisha Shosho akawageukia vijana, akawaambia kwa vile wamekuja na majembe tayari, basi wafyeke ile miiba na kuchimba kisima kifupi pale maji yanapotoka. Walichimba. Jioni palikuwa na shimo la kina cha goti lililopangwa mawe, na madebe manane yamejipanga, la kwetu likiwa la tatu.

Chungwa nililirudisha kama lilivyoahidiwa. Mama aliliosha mara mbili, akamkatia mdogo wangu. Akauliza kwa nini lina harufu ya matope, nikamsimulia yote, chungwa, debe, nyufa, maji yanayotembea ndani ya jiwe. Hakuniamini. Wiki iliyofuata, kikohozi kilipopungua, nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka kwenye mwamba, nikamlaza kifudifudi, nikamziba sikio la juu kwa kiganja changu. Alilala pale kimya, mdomo wazi, na mama akatuita mara tatu bila sisi kumsikia.