Shorobo wa Entebbe

Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, nakaa kwa shangazi yangu Kitooro, mjini Entebbe. Nilikuwa na darubini ya kuazima na hamu ya kumwona ndege mmoja: shorobo mkubwa wa buluu. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nikashuka hadi Bustani ya Mimea.

Bustani ile iko kando ya Ziwa Victoria. Waingereza waliianzisha mwaka 1898 ili kujaribu mimea iliyoletwa kutoka nje, lakini ndege hawaulizi mti umetoka wapi. Kwarara walinipokea kwa makelele tangu getini. Nikazunguka huku na huku, uso juu, mpaka shingo ikakaza.

"Kijana, umepoteza nini huko juu?"

Alikuwa mzee mfagiaji, askari mstaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri.

"Jambo, afande. Namtafuta yule ndege mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi."

"Huyo hafukuzwi. Tafuta mti wenye matunda, kaa chini, funga mdomo."

Tukakaa karibu na mkuyu uliokuwa umezaa sana. Wa kwanza kufika alikuwa hondohondo. Mbawa zake zilisikika zikivuma kabla hatujamwona. Afande akaninong'oneza kwamba wakati wa kutaga, jike hujiziba ndani ya tundu la mti, ukabaki ufa mwembamba tu, na dume ndiye anayemletea matunda. "Zamu yake hatoroki," akasema, akionekana kumheshimu.

Kisha shorobo wakaja. Nilitegemea kuona ndege wakipaa. Hawa walikuja kwa miguu, wakikimbia juu ya matawi kama kuku walioona mtama. Ndege wa karibu kilo moja, urefu sentimita sabini na zaidi, halafu mbawa zake hazina nguvu! Akitaka kuhamia mti mwingine hujiachia tu, anateleza hewani kwenda chini, kisha anaanza tena kupanda tawi kwa tawi. Kupitia darubini niliuona mdomo wa njano wenye ncha nyekundu ukichuma kuyu moja baada ya nyingine. Picha nilizowahi kuziona hazikuutendea haki ule ubuluu.

Ikafika gari ya watalii, milango ikabamizwa, kamera zikatoka. Shorobo wakajiachia mmoja mmoja kuelekea ziwani. Afande akasonya, akaokota ufagio.

"Jioni rudi," akaniambia. "Kuna tai hapa anakula matunda."

Nilidhani ananitania. Tai wa matunda? Jioni nikarudi, nikamkuta juu ya mchikichi, mweupe na mweusi, ameshika chikichi kwa kucha na anaichuna ganda taratibu.