Hesabu tano

"Mama, huyu ameshindwa?"

Binti yangu alikuwa ameinama juu ya simu, mguu wake kaulaza mapajani mwangu, namkanda kifundo kwa maji ya moto na chumvi. Video yenyewe iliisha kabla sijachovya kitambaa mara ya pili. Dada mmoja, goti limezungushiwa bandeji, anashika chuma, kidogo tu, keshashuka, anainua mikono. Basi.

Namjua yule dada. Ni Danusia Francis wa Jamaika, Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika 2021. Alizaliwa Uingereza, na London 2012 alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya huko. Akahamia kuichezea Jamaika. Rio 2016 nafasi ilikuwa moja, akaenda mwenzake Toni-Ann Williams, Mjamaika wa kwanza kufika Olimpiki kwa jimnastiki; yeye akiba tena. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia kule Stuttgart, Ujerumani, ndipo akajipatia nafasi iliyo yake. Korona ikaisogeza Olimpiki mwaka mzima, akangoja. Siku chache kabla ya zamu yake, mazoezini, kano ya goti ikakatika. Akapanda hivyo hivyo, kwenye vile vyuma viwili vya kuning'inia tu, vifaa vingine akaviacha. Waamuzi wakampa 9.033 kwa usafi wa alichokifanya, kisha wakamkata kwa yote ambayo hakuyafanya, ikabaki 3.033. Nchi kubwa ingeingiza mwingine. Jamaika siku ile kwenye jimnastiki ilikuwa na yeye peke yake.

"Hajashindwa," nikamwambia mwanangu. "Alipanda."

Nikaendelea kukanda, lakini mikono ilikuwa imeshakwenda mbali.

Wa Dunda, kule Bagamoyo, mtakumbuka mwaka ule, 2003, ukumbi wa Chuo cha Sanaa umeungua mwaka uliotangulia. Kikundi chetu kilikuwa cha watoto wa mtaani tu, watu tisa. Tulifanya mazoezi ufukweni maji yakipwa, pale mashua zinapolala ubavu na mchanga unapokuwa mgumu. Mwalimu alikuwa amefundishwa na watu waliofundishwa na wale vijana waliopelekwa China miaka ya 1960, naye alitupa kila kitu jinsi alivyokipokea: piramidi, kubinuka juu ya viti, samasoti ya mbele na ya nyuma. Mimi nilikuwa wa akiba. Miaka miwili nilikunja mikeka na kushona vifungo vya nguo za wenzangu, na kileleni nilipanda tu pale mwenye kilele alipokuwa na homa. Kisha mwenye kilele akahamia Dar es Salaam kwa shangazi yake, na Mwalimu akanitazama mimi.

Asubuhi ya onyesho nilipiga samasoti ya nyuma, moja tu ya kupasha mwili, nikatua juu ya amari ya mashua iliyofukiwa na mchanga. Nilisikia mlio kabla ya maumivu.

Alasiri goti lilikuwa limejaa kama fenesi changa. Mke wa Mwalimu alichana pindo la kanga yake, lile lenye mistari myekundu, akanifunga kwa nguvu huku anasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mwalimu alichuchumaa mbele yangu.

"Binti, unaweza?"

"Naweza, Mwalimu."

Alikaa kimya muda mrefu, anakwangua mchanga kwa kijiti. "Basi panda, simama, hesabu tano, shuka. Samasoti hakuna. Umenisikia? Hakuna."

Ilikuwa magharibi inaingia. Watu wamejaa kuzunguka uwanja, watoto mbele wamekaa chini, ngoma inapigwa polepole. Wanne chini, watatu juu yao, na mmoja wa pembeni wa kunipokea. Niliweka mguu mzima kwenye paja la kwanza. Paja lilikuwa linateleza mafuta ya nazi, nikakamata nywele za mtu, nikamsikia anavuta pumzi lakini hakusema. Kutoka pajani kwenda begani ilibidi niuegemee mguu mbovu mara moja. Mara moja tu. Nikaona giza, giza lenyewe lina vidoadoa vya njano, nikalisukuma. Bega la pili lilikuwa la kijana mwembamba aliyekuwa anauza kashata na sisi shuleni. Alinishika kifundo, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, unatetemeka. Niegemee mimi."

Nikasimama. Ngoma ikakatika, kama inavyotakiwa. Kule juu upepo wa bahari ulikuwa mwingine, baridi, na niliziona ngalawa zote kwa pamoja, na mama yangu kwenye kona, kiganja kakiweka mdomoni. Nikafungua mikono. Moja. Mbili. Kwenye tatu kuna mtu akapiga kelele, "Ruka!" Magoti yangu yote mawili yalikuwa yanataka kuruka. Nne. Yule kijana alinibana kifundo mpaka kucha zikaingia. Tano. Nikashuka.

Makofi yalikuwa ya kawaida.

Baada ya hapo ni mambo ya haraka: mzee wa kuchua, hospitali, magongo miezi miwili. Kilele akapewa msichana mwingine, na kikundi nacho hakikudumu. Sikupanda tena begani mwa mtu.

Mwalimu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Miaka yote tulipokutana sokoni alianza kuliangalia goti langu, ndipo akaipokea shikamoo yangu. Sikuwahi kumwambia kwamba angenikataza siku ile ningemchukia mpaka leo. Wala sikumwambia kwamba asubuhi za kipupwe, ninaposhika ukuta kuinuka kitandani, huwa natamani angenikataza. Yote mawili ni kweli, na sijui ningeanzia lipi.

Binti yangu aliirudisha video mwanzo, akaitazama tena bila kupepesa. Ana miaka kumi, na Jumamosi kikundi chao kina onyesho.

"Kesho niende mazoezini?"

Nikabonyeza kifundo kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale kidogo, likajaa taratibu.

"Unaweza?" nikasikia ninamuuliza.

"Naweza," akasema, macho yako kwenye simu.

Maji yalikuwa yamepoa. Nikachukua beseni nikaenda kuchemsha mengine.