Santuri Zote Kabatini, Moja Ukutani

Jalada la santuri limetengenezwa ili livute macho. Kabla mchoraji Mmarekani Alex Steinweiss hajaajiriwa na kampuni ya santuri ya Columbia mwaka 1939, santuri nyingi ziliuzwa ndani ya makasha ya rangi moja, yenye maandishi tu. Yeye akaanza kuyachorea picha, na tangu hapo kila jalada linashindana na jirani yake nani atatazamwa kwanza. Dukani ni jambo jema. Lakini ukiyajaza majalada kwenye sebule uliyotaka iwe ya kupumzisha macho, umekaribisha mkutano ambao kila mjumbe anasema kwa wakati mmoja.

Sebule yetu haina vitu vingi: kuta nyeupe, kochi moja refu, zulia, taa ya kusimama. Mke wangu ndiye mlinzi wa hali hiyo. Santuri zilikuwa chumbani, kwenye makreti, wakati gramafoni iko sebuleni. Nilipomwambia nataka kuzihamishia zinakosikilizwa, alinipa sharti moja: "Zije, baba. Ila zisinikodolee macho."

Sharti hilo ndilo lililonisaidia kufikiri. Nilitambua kwamba kuhifadhi santuri na kuionyesha santuri ni kazi mbili tofauti, na rafu iliyo wazi inajaribu kuzifanya zote mbili kwa pamoja. Mgongo wa jalada una unene wa milimita tatu hivi. Ukizipanga santuri nyingi kwenye rafu wazi, unachokiona si picha hata moja, bali mamia ya michirizi ya rangi na herufi ndogo. Kuna wanaoipanga hiyo michirizi kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Katika picha hupendeza sana. Mimi hutafuta santuri kwa jina la mwimbaji, na sina mpango wa kukariri mgongo wa kila moja una rangi gani.

Kwa hiyo zote ziliingia kwenye kabati la milango, na nje nikaamua ibaki moja tu.

Kabati lenyewe lilihitaji hesabu, kwa sababu santuri ni nzito kuliko zinavyoonekana. Sahani ya inchi 12 peke yake huwa na gramu 120 hadi 180, na ukiongeza jalada na mfuko wa ndani unakaribia robo kilo, wakati mwingine zaidi. Rafu ya mita moja iliyojaa hupita kilo 60 kwa urahisi. Ndiyo maana sikutaka rafu nyembamba za kuning'inizwa ukutani, ingawa ndizo zinazoonekana nyepesi na za kisasa. Nilimwomba fundi seremala kabati refu na fupi kimo, linalokaa sakafuni, lenye vigawanyo vya kusimama kila baada ya sentimita 30 na kitu. Fundi aliona vigawanyo hivyo vinapoteza mbao bure. Nilishikilia, kwa kuwa kazi ya vigawanyo si kubeba uzito tu: vinazuia santuri zisiegemeane. Santuri inayokaa imeinama kwa muda mrefu hujipinda, na zikilazwa moja juu ya nyingine ya chini hubeba mzigo wote, na umbo la sahani hujichora kwenye jalada kama pete. Zinatakiwa kusimama wima, zimejaa kiasi cha kusaidiana, lakini si kwa kubanana hadi unapovuta moja unachana kona ya jirani.

Jalada lina sentimita 31 na nusu hivi kila upande. Nafasi ya ndani tuliipa kimo cha sentimita 35 ili vidole vipite juu, na kina cha kutosha mlango ufunge bila kugusa kitu. Milango haina vishikio, unaisukuma, inafunguka. Imepakwa rangi ileile ya ukuta, na nadhani hilo pekee lilifanya nusu ya kazi ya utulivu. Mgongoni kabati lina matundu na halijagusa ukuta, hewa ipite, maana unyevu uliofungiwa huleta ukungu kwenye karatasi.

Sasa ile moja ya nje. Juu ya kabati, ukutani, kuna ubao mwembamba wenye ukingo mfupi kwa mbele, wa kuzuia tu jalada lisiteleze. Ukingo mrefu hukata sehemu ya chini ya picha. Niliupima nikiwa nimeketi. Watu wengi hutundika vitu kwa kimo cha mtu aliyesimama, ilhali sebuleni tunakaa. Pale huwekwa jalada la santuri inayopigwa wakati huo, likiwa tupu. Likishamaliza kazi, sahani inarudi ndani yake na lote linaingia kabatini. Fremu sikuzitaka: ukishaifungia santuri kwenye fremu, hutaitoa tena kuisikiliza. Halafu kuna mwanga. Jua la dirishani huzifisha rangi za chapa, hasa nyekundu na manjano, na likipiga santuri yenyewe joto huipinda. Jalada linalobadilishwa kila mara, kwenye ukuta usiopigwa na jua, halikai pale kiasi cha kuharibika. Mifuko ya plastiki ya nje ninaivua kabla ya kuweka jalada ubaoni, kwani inang'aa na kuakisi taa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mke wangu ndiye amekuwa mchaguzi. Anachagua kwa macho: jalada la kijivu siku ya mawingu, la njano wageni wakija. Muziki uliomo haumhusu. Hivyo nimesikiliza santuri ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa, na mbili tatu kati yake zilistahili kusahauliwa.

Gramafoni iko juu ya kabati, imesawazishwa kwa pima maji. Spika hazikai hapo. Mtetemo wa spika hupita kwenye mbao, ukafika kwenye sindano, ukarudi tena kwenye spika kama mngurumo, kwa hiyo kila spika ina kiti chake. Nyaya zote zinapita nyuma, zimefungwa pamoja, zinatoka sehemu moja. Kama una muda wa kushughulikia kitu kimoja tu sebuleni, acha majalada, anza na nyaya.

Zilizobaki zikinisumbua ni zile ndogo za inchi 7. Kwenye nafasi ya sentimita 35 zinapotea na kuanguka ovyo. Fundi amezitengenezea droo mbili upande wa kulia, zinasimama wima zikimtazama anayefungua, na unazipekua kwa kidole kimoja. Droo ya pili ina nafasi bado, na mke wangu ameshauliza kwa nini.